Kitufe cha Mgonjwa Anayefuata

Siku mdogo wangu alipofanyiwa upasuaji wa kujifungua, mimi nilikuwa Dodoma, ofisini, nahangaika na kitufe cha kurudi nyuma.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Area D, yenye ua wa vumbi na mwarobaini mmoja tuliokuwa tukiegesha pikipiki chini yake. Tulikuwa wachache. Tulitengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya shule, kwa ushirika wa wakulima wa zabibu, na kwa vituo vya afya. Mfumo ulionipa kazi nyingi kuliko yote ni wa wagonjwa waliolazwa. Uliandikwa na mwenzetu mmoja aliyehamia Dar es Salaam kabla mimi sijaajiriwa, nami nikaurithi kama ulivyo. Ulikuwa ukitumika katika vituo kadhaa vya mkoani, na kimojawapo ni kile cha kwetu, upande wa Kondoa. Mama alilijua hilo. Alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba kompyuta za pale ni kazi ya mwanawe.

Asubuhi ile alinipigia simu nikiwa bado nafungua mlango wa chumba changu Chang'ombe, hapohapo Dodoma. Alisema walikuwa wamelala kituoni tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya tumboni, na daktari ameamua kumpasua. Sauti yake ilikuwa imetulia. Alinikataza nisipande basi, kwamba hata nikifika hakuna nitakachofanya, niende tu kazini naye atanipa habari. Basi nikaenda kazini, nikaweka simu kando ya kompyuta, kioo kikinitazama.

Hapa inanibidi nieleze kidogo jinsi mfumo ule ulivyokaa. Tuliujenga juu ya kiunzi, yaani programu kubwa iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, ambayo wewe unaongezea mambo yako. Katika kiunzi kile kila ukurasa una anwani yake. Mgonjwa ana anwani, na chini ya anwani hiyo zipo nyingine ndogo: ya majibu ya maabara, ya dawa, ya maelezo ya daktari. Ile ya juu tunaiita njia mzazi na zile za chini njia watoto. Muuguzi akifungua ukurasa wa dawa, nusu ya chini ya kioo ni ya mtoto: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Sehemu ya juu ni ya mzazi, na humo kuna kisanduku chenye mambo yasiyotakiwa kusahaulika, kama kundi la damu na mzio, yaani dawa ambazo mwili wa mgonjwa huyo hauzipokei. Unapobonyeza hapa na pale watoto wanabadilishana zamu. Mzazi anabaki palepale juu.

Wauguzi walikuwa wamelalamika kwamba wakiwa kwenye ukurasa wa dawa na kubonyeza Rudi, wanatupwa kwenye orodha ya wodi nzima badala ya kurudishwa kwa mgonjwa yuleyule. Kazi yangu ilikuwa kumfanya mtoto arudi kwa mzazi wake. Nilitengeneza wagonjwa wa majaribio, mmoja nikamwita Mchicha, mwingine Bamia. Bamia nilimwandikia mzio wa penisilini, kwa sababu huo ndio mzio pekee ninaoujua vizuri. Mchicha sikumwandikia chochote.

Nilifungua dawa za Mchicha, nikabonyeza Rudi, ikanirudisha kwa Mchicha. Nikafurahi. Nikaingia tena kwenye dawa zake. Chini ya ukurasa kulikuwa na kitufe ambacho sikuwahi kukijali, kimeandikwa Anayefuata. Kilikuwa kinampeleka muuguzi moja kwa moja kwenye dawa za kitanda kinachofuata bila kupitia orodha. Nilikibonyeza tu ili nijue kama kazi yangu haijakiharibu.

Jina likabadilika, likawa Bamia. Dawa zikabadilika. Kile kisanduku cha juu hakikubadilika. Kiliendelea kusema: Mzio: hana.

Mwanzoni nilidhani mtandao umechelewa. Nilisubiri. Nikaupakia ukurasa upya, kisanduku kikawa chekundu, kikaandika penisilini kama inavyotakiwa. Nikashusha pumzi. Kisha nikarudi kwa Mchicha na kubonyeza Anayefuata kwa mara nyingine, nikiwa natazama juu tu. Mzio: hana.

Nilifungua programu yenyewe nikasoma, na ndani ya muda mfupi nikaelewa, kwa sababu kosa halikuwa limejificha. Kiunzi kile kina ubahili wake. Ukitoka kwa mtoto wa mgonjwa mmoja kwenda kwa mtoto wa mgonjwa mwingine, kinaona kwamba aina ya ukurasa ni ileile, hivyo hakimjengi mzazi upya. Kinamwacha alivyo, kinamwambia tu kwamba namba ya mgonjwa kwenye anwani imebadilika. Ni juu ya mwandishi wa programu kumfanya mzazi asikilize mabadiliko hayo na kwenda kuuliza habari za mgonjwa mpya. Jina lilikuwa linasikiliza. Kisanduku kilikuwa kimeuliza mara moja tu, mwanzo kilipofunguliwa, basi. Sisi ofisini hatukuwahi kuona kwa sababu kila mara tulipojaribu tulianzia kwenye orodha. Wauguzi wenye wodi iliyojaa hawaanzii kwenye orodha. Wanatoka kitanda hadi kitanda.

Nilitazama simu. Kioo chake kilikuwa cheusi.

Mdogo wangu alipokuwa hajaanza hata shule, alichomwa sindano ya penisilini kwenye zahanati ya kijijini kwetu. Alikuwa na donda la koo, kitu cha kawaida tu. Mimi ndiye niliyemshika mkono tulipotoka. Hatukufika mbali, akaanza kujikuna shingo, akalalamika kwamba ulimi wake ni mkubwa. Nilicheka, nikidhani anatania. Nilipomgeukia, midomo yake ilikuwa imevimba mpaka sikuitambua sura, na pumzi zake zilikuwa zinatoka kwa mlio mwembamba, kama maji yanayoishia kwenye bomba. Mama alimnyanyua na kukimbia naye kurudi zahanati, kanga ikadondoka njiani wala hakugeuka. Waliwahi. Daktari alimwambia mama kwamba safari nyingine huenda wasiwahi.

Hayo yote yalinijia pale kwenye kiti. Nilimpigia mama. Simu iliita sana kabla hajapokea.

Alianza yeye, kwa furaha. Alisema mtoto ametoka salama, wa kike, analia vizuri, na mdogo wangu ameshatolewa chumba cha upasuaji, amelazwa wodini ila bado ana usingizi wa dawa. Yeye na mtoto walikuwa kwenye benchi nje, wameambiwa wasubiri wamalize kumhudumia.

"Mama, umewaambia kuhusu penisilini?"

"Niliwaambia jana tulipoingia. Nesi wa jana aliandika kwenye hiyo kompyuta yenu, nilimwona kwa macho yangu."

"Na nesi wa leo?"

"Wa leo si atasoma."

Nilijikuta nimesimama. Nilimwambia kwamba kompyuta inakosea. Akauliza inakoseaje, nami sikuwa na njia ya kumweleza habari za mzazi na mtoto na anwani. Nilimwambia inaweza kumwonyesha nesi habari za mtu mwingine huku jina ni la mdogo wangu. Nilimwomba aingie wodini akamwambie nesi kwa mdomo wake, sasa hivi, asisubiri.

"Wametukataza kupita pale mlangoni," alisema.

"Pita, mama."

Sijawahi kuzungumza na mama kwa sauti ile, si kabla wala baada. Nilimsikia akimwambia mtu ampokee mtoto. Kisha simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa.

Nilikwenda chumba cha bosi. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi sote, mpole, asiyependa haraka. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, na sidhani kama nilieleza vizuri, maana aliniambia nirekebishe, nijaribu, tutaupeleka vituoni Ijumaa kama kawaida. Ndipo nikamwambia kwamba mdogo wangu amelala kwenye wodi hiyo. Akaacha kalamu. Alichukua simu na kumpigia mganga mfawidhi wa kituo. Iliita mpaka ikakata. Alipiga ya muuguzi mkuu wa zamu. Haipatikani. Nafikiri wote walikuwa kwenye upasuaji mwingine.

Alipendekeza tuzime seva, ile kompyuta kuu inayohudumia vituo vyote. Kioo kikiwa kitupu, alisema, watalazimika kuuliza kwa mdomo. Nami nilikwisha kuliwaza hilo nikaliogopa, kwa sababu katika vituo vile kulikuwa na wagonjwa wengine ambao kisanduku kile kilikuwa kinawalinda, ambao muuguzi alifika kwao kupitia orodha na kuona sawasawa. Tukizima, nani atawaulizia wale waliozimia, au wazee wasiosikia? Tulibishana kwa muda mfupi kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na kitanda cha mgonjwa. Mwishowe alisema niondoe kile kitufe kwanza. Kisanduku nitakirekebisha baadaye. Kitufe kikiwa hakipo, hakuna atakayeruka kutoka mtoto hadi mtoto.

Nilirudi kwenye kompyuta yangu nikakiondoa. Ilikuwa kazi ndogo sana, mistari michache, lakini nilikosea kuandika mara kwa mara, vidole vikigonga herufi za jirani. Nilipokwisha kuupeleka mfumo kwenye seva nikakumbuka jambo. Kompyuta ya wodini huwa inawashwa asubuhi na kuachwa wazi hadi jioni. Programu ya zamani ilikuwa imeshapakiwa humo. Kitufe changu kilichoondolewa kingeendelea kuwepo pale mpaka mtu aupakie ukurasa upya, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Nilimwita bosi kwa sauti. Alikuja, akasoma, akaelewa kabla sijamaliza. Alikaa kwenye kiti changu, akaingia kwenye seva na kuwatoa watumiaji wote nje ya mfumo, kila kituo, ili yeyote atakayegusa kitu aambiwe aingie upya. Alibaki amekaa hapo hapo, nami nimesimama nyuma yake, tukitazama majina ya watu wakianza kuingia tena mmoja mmoja. Sikuona la mtu wa kituo cha kwetu.

Nilikwenda uani. Upepo wa kiangazi ulikuwa unapeperusha vumbi na mifuko ya nailoni, na jirani alikuwa anapepeta ulezi bila habari. Nilimpigia mama tena. Nilikuwa namsikia mdogo wangu akilalamika kwamba ulimi wake ni mkubwa, na sikuweza kumnyamazisha. Niliwaza kwamba amelala kwa dawa za usingizi, kwamba safari hii hatajikuna, hatasema neno, na aliyesimama karibu naye ataona uso umevimba kidogo na kudhani ni uchovu wa upasuaji.

Simu ikaita mkononi mwangu. Nilipokea.

"Hawajamchoma," mama alisema.

Nilichuchumaa chini ukutani.

Yaliyotokea alinisimulia baadaye, kwa vipande, na kila akisimulia anaongeza kitu. Pale mlangoni mlinzi alimwambia arudi kwenye benchi, naye akapita kama hajasikia. Ndani alimkuta nesi wa zamu, binti mdogo kuliko mimi, amesimama karibu na kitanda cha mdogo wangu na toroli ya dawa, sindano imeshavutwa. Nesi alimwambia kwa upole atoke kwanza. Mama akauliza hiyo ni dawa gani. Nesi akamtajia, na ilikuwa ya jamii ileile ya penisilini. Mama akaenda kusimama kati ya sindano na kitanda.

Nesi alikasirika, na simlaumu. Alimwonyesha kompyuta juu ya meza ya magurudumu. Jina lilikuwa la mdogo wangu, kitanda chake, dawa aliyoandikiwa. Juu kulikuwa kumeandikwa hana mzio. Daktari aliyeiandika ile dawa naye alikuwa ametazama hapo hapo.

"Mimi ndiye niliyemzaa," mama alimwambia.

Wakatazamana. Nesi akaiweka sindano kwenye trei, akasema ataangalia tena. Alipogusa kompyuta ikamwambia aingie upya. Aliguna, akaandika neno lake la siri, akaenda kwenye orodha ya wodi, akatafuta jina, akafungua. Kisanduku kikaja chekundu. Mama hakujua kusoma haraka, lakini aliiona ile rangi, na aliuona uso wa nesi. Anasema yule binti alikaa kwenye kitanda kitupu cha jirani na kuiangalia sindano kwa muda mrefu, kisha akaenda kumwita daktari, wakambadilishia dawa.

Mchana ule nilirekebisha kisanduku. Niliandika kwamba namba kwenye anwani ikibadilika, mzazi afute alichonacho kwanza, kisanduku kiwe kitupu, kisha aende kuuliza upya. Nilisisitiza kile kitupu. Afadhali muuguzi asione kitu kuliko aone cha mwingine. Bosi alijaribu pamoja nami, Mchicha na Bamia, mbele na nyuma, mpaka tukachoka. Lakini hofu haikuondoka, maana sasa ilikuwa imebadilika sura. Kitufe kile hakikuwekwa asubuhi hiyo. Kilikuwepo tangu zamani.

Kesho yake tulikwenda na gari la bosi. Barabara ya kwenda Kondoa ni nzuri siku hizi, na yeye ni dereva wa taratibu, hivyo nilipata muda mrefu wa kutazama vilima na kuwaza. Mdogo wangu nilimkuta ameegemea mto, anamnyonyesha mtoto, amechoka na anacheka. Alikuwa ameshasimuliwa. Aliniuliza kama ni kweli kompyuta yangu ilitaka kumuua, akisema kwa utani, na mama akamwambia anyamaze. Nilimshika uso wake kwa mikono yote miwili. Ulikuwa uso wake, haujavimba popote.

Kisha nilimtafuta yule nesi. Nilimsalimu, nikajitambulisha, na nilitarajia maneno makali. Alinivutia kiti tu. Tulipitia wodi nzima pamoja, kitanda kwa kitanda, yeye akiwauliza wagonjwa na ndugu zao kwa mdomo, mimi nikifungua kisanduku cha kila mmoja na kulinganisha. Bosi alikuwa kwa mganga mfawidhi, akimweleza yaleyale. Waliolazwa siku ile wote walikuwa salama. Tulipomaliza, nesi alibaki ameshika kalamu yake bila kuandika.

Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba majuma machache nyuma kulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha bondeni aliyevimba midomo usiku na kutapika, wakadhani ni chakula alicholetewa kutoka nyumbani. Walimpa dawa ya kutuliza, akapata nafuu, akaruhusiwa. Nesi alikuwa anaukumbuka uso wake. Hakukumbuka kama siku ile alifika kitandani kwake kupitia orodha au kupitia kile kitufe, nami nilijua kwamba mfumo wetu hauhifadhi habari hiyo. Mganga mfawidhi aliagiza atafutwe. Alikuja mwenyewe siku ya soko, mzima, amebeba ndoo ya mahindi, akishangaa anaitiwa nini. Nesi ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Walimwuliza kama kuna dawa mwili wake unaikataa, akasema ndiyo, tangu utoto, na kwamba siku ya kulazwa aliitaja. Walifungua habari zake. Ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, na kwenye orodha ya dawa alizopewa ilikuwemo ileile.

Nilipewa habari hiyo nikiwa ofisini. Bosi aliniangalia kutoka mlangoni mwake, nami nikamweleza. Akasema tuviandikie vituo vyote, tueleze kilichotokea bila kukipaka rangi, na tuwaombe watafute wengine wa namna hiyo. Tuliandika pamoja. Baadhi walijibu kwa hasira, kituo kimoja kiliacha kutumia mfumo wetu, na sikuona cha kuwalaumu.

Mtoto alipewa jina siku zilipotimia, nami nilikwenda. Watu walikula wakafurahi, na mama hakusema tena kwa majirani kwamba kompyuta za kituoni ni kazi ya mwanawe. Wala hakuniambia neno baya. Alinipa mtoto nimshike, akakaa karibu sana nami wakati wote niliokuwa nimemshika.

Niliporudi Dodoma nilianza kufungua kurasa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzilalamikia. Nilikuwa nafika mapema, kabla ya wenzangu, naweka chai pembeni mpaka inapoa. Nilikuwa nabonyeza kitufe kimoja, natazama sehemu zote za kioo moja baada ya nyingine, hasa zile zilizotulia, kisha nabonyeza kingine. Nilianza na ukurasa wa watoto wachanga.